Mke Aliyeshika Keria

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho. Barabarani alikuwa Samahani, na hata wateja wake wa miaka mingi hawakumjua kwa jina jingine.

Alilipata kwa haki. Asubuhi magari yanapoganda kwenye barabara kuu, safu mbili zimesimama bega kwa bega na kila dereva ameegemeza kidevu kwenye usukani, yeye hupita katikati na skuta yake ya kijivu, polepole, miguu tayari kugusa lami, na kila kioo anachokipita hukiambia neno. "Samahani baba. Samahani dada. Samahani mkubwa, naomba nafasi." Kioo kikijitokeza mno hukikunja kwa vidole viwili, hupita, kisha hurudisha mkono nyuma na kukiweka kama kilivyokuwa. Hajawahi kumkwaruza mtu rangi. Madereva waliozoea kuwatukana watu wa pikipiki walijikuta hawana pa kuanzia, na mmoja wa lori la saruji, akimwona kwa mbali, alikunja kioo mwenyewe na kusema, "Pita, Samahani, tumeshakusamehe."

Sasa mtu kama huyo, anayeomba radhi mara mia kabla ya chai ya saa nne, ungedhani nyumbani neno hilo linamwagika tu. Wapi. Nyumbani lilikuwa limemkwama kooni, mwaka wa nne huo.

Yeye na mkewe walikuwa mafundi wa mapazia. Mke alipima, alikata na kushona. Mume alitoboa ukuta, akafunga fimbo na kupanda ngazi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na cherehani, meza ndefu ya kukatia na vitambaa hadi darini, na mgeni akitaka kukaa ilimbidi kwanza ahamishe robota. Mke alikuwa mdogo wa umbo, na siku zote sindano yenye uzi ilikuwa imechomekwa kifuani pa gauni lake. Jicho lake la kitambaa halikukosea. Angemwona mtu anapita akasema, "Yule shati si lake," na kweli lisingekuwa lake.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alipanda nyuma ya mumewe, kwenye skuta ya kwanza, ya pili na hii ya kijivu, mikono yote miwili imezunguka kiuno. Akishakaa sawa alimgonga bega mara mbili, maana yake twende. Wakipenya mahali pembamba alikaza mikono, wakitoka alilegeza, na mume aliijua barabara kwa kiuno kabla ya kuijua kwa macho. Watu wengine huongea mezani, wengine chumbani. Hawa waliongea kwenye foleni. Kati ya lori na lori, kidevu cha mke kikiwa begani, waliwachagulia watoto majina, waliamua kuhama nyumba, waligombana na wakapatana kabla taa haijawa kijani.

Kisha mama mkwe akafariki, na Samahani hakwenda kuzika.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye skuta hiyo hiyo. Mama mkwe alipozidiwa, gari la kumpeleka hospitali lilikwama kwenye msongamano likawa halisogei. Samahani akampakia yeye, mkewe nyuma akimkinga mama yake, watu watatu kwenye kiti cha wawili, wakapita katikati ya magari hadi mlangoni pa hospitali. Bibi alifika akiwa na maneno yake yote. "Kumbe katikati kuna njia," alisema, na kumpigapiga mkwewe shavuni. Siku tisa baadaye akaaga dunia. Kaka mkubwa wa mke, ambaye wakati wa kuhangaika hakuonekana, akasimama kwenye korido mbele za watu akasema, "Mama yetu umempakia kama gunia kwenye hicho kipikipiki chako, akapigwa na upepo. Matokeo ndiyo haya." Siku ya mazishi alibaki nyumbani. Mkewe alikwenda peke yake, na watu walipomuuliza mumeo yuko wapi, aliinamisha uso akasema ana homa.

Aliporudi hakununa, hakususa, hakuhamisha mto. Chai ilikuja kwa wakati na sukari yake. Ila Jumatatu walipotoka kwenda kazini alipanda skuta, akapeleka mikono nyuma, akashika keria, kile kichanja cha chuma cha kufungia mizigo. Hakugonga bega. Mume alingoja kidogo, kisha akaondoka.

Tangu hapo kiuno chake kilipigwa na baridi. Kuongea waliongea: nipe futi, lete misumari, mteja kapiga simu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo Samahani aliungoja hadi akachoka. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka ile mikono irudi. Alijua pia kwamba mikono haiwezi kurudi bila neno, na neno lenyewe alikuwa analo, kwa kuwa ndilo lililompa jina. Mara nyingi alifungua kinywa mezani alitoe, mkewe akainua macho, naye akaomba chumvi.

Asubuhi moja walikuwa na kazi kwa daktari wa meno. Alitaka mapazia mazito yenye bitana, ili wagonjwa wanaosubiri wasiwaone wenzao waliopanua vinywa wakakimbia. Yalikuwa mapazia nane, na miadi ilikuwa saa nne kamili. Begi moja lilisimama miguuni pa Samahani. Jingine, kubwa zaidi, lilikaa kwenye kiti kati yake na mkewe, na mke alibanwa nyuma kabisa, ameshika keria yake kama kawaida.

Wakaingia kituo cha mafuta. Tangi la skuta ile liko chini ya kiti, kwa hiyo kujaza mafuta ni shughuli: watu huteremka, begi huteremka, kiti huinuliwa. Mhudumu wa pampu, dada mmoja mwenye kofia nyekundu, alipomaliza, mke alirudisha begi juu ya kiti, akalibana kwa mkanda na kusema, "Ningoje, nafika msalani." Wakati huo mumewe alikuwa ndiyo anaivuta helmeti ipite masikioni, mahali ambapo hata radi haisikiki. Akakaa. Begi likamwegemea mgongoni. Nyuma gari likapiga honi, na jingine likaitikia. Zamani angengoja bega ligongwe mara mbili. Siku hizi hapakuwa na kugongwa, kimya ndicho kilichokuwa na maana ya twende. Akaenda.

Na uzito, je? Usimcheke haraka. Bitana ya mapazia nane si mchezo, na mkewe alikuwa mwepesi kuliko begi lake. Kitu pekee ambacho kingemwambia kwamba mtu hayupo ni mikono, na mikono haikuwepo tangu miaka minne iliyopita.

Mbele magari yalikuwa yamesimama hadi jicho linapokoma. Samahani akaingia katikati. Alimpita mwanamume anayenyoa ndevu kwa mashine, akampita mzee aliyetandaza gazeti juu ya usukani, akakunja vioo na kuvikunjua. "Samahani baba. Samahani mama. Samahani mzee, endelea kusoma." Akafika mahali ambapo lori la saruji na lori la mafuta yalikuwa yamekaribiana hivi kwamba hata paka angefikiri mara mbili. Akateremsha miguu na kuzima injini.

Dereva wa saruji akachungulia kutoka juu. "Leo sina pa kusogea, Samahani," alisema. "Lakini tumeshakusamehe."

Samahani akacheka. Halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Alikuwa ameyasikia maneno hayo siku nyingi, ila leo injini ilikuwa imezimwa na hakuwa na kioo cha kukunja. Watu baki wanamsamehe kila siku, tena kwa kosa ambalo hata hajalifanya. Huyu aliyeko nyuma hajawahi hata kuombwa. Akainua kioo cha helmeti. Mbele yake palikuwa na matairi na mafusho tu, na kusema na matairi ni rahisi kuliko kusema na uso wa mtu uliyemkosea.

"Mke wangu," alisema bila kugeuka. "Usinijibu kwanza. Niache nimalize, nikikatizwa sitaanza tena."

Hakukatizwa.

"Ile siku sikuwa na homa, unajua. Nilivaa. Nilivaa lile shati jeupe ulilonipigia pasi, nikavaa na viatu, nikakaa kitandani. Nikasema nafunga kamba hizi niende. Nikakaa hadi jua likazama. Watu wanadhani nilimkasirikia shemeji, nami nikawaacha wadhani hivyo. Haikuwa hasira. Niliogopa. Niliogopa kwamba amesema kweli. Ule upepo, mke wangu, na nilikuwa nimemfunga mama shali moja tu. Nikajiuliza nitasimamaje pale kaburini, na mimi ndiye niliyemfikisha? Nikakuacha usimame peke yako. Ukanidanganyia homa mbele za watu wenu. Nisamehe. Nimekukosea, na miaka minne yote nimekaa nakuomba chumvi badala ya msamaha."

Alikuwa amemaliza. Machozi yalimteleza kwenye mashavu yakaingia kwenye mkanda wa helmeti, naye hakuyafuta. Alingoja. "Sasa unaweza kusema," alisema. Akangoja tena. "Hata neno moja tu."

"Samahani, baba," ikasema sauti pembeni.

Nyuma kidogo ya lori kulikuwa na gari dogo la buluu, dirisha wazi, na ndani yake nesi mwenye sare. Redio alikuwa ameshaizima kitambo, na mkononi alikuwa na leso iliyokwisha kulowa. "Unaongea na nani?"

"Na mke wangu."

"Mke yupi, baba? Hapo nyuma pana begi."

Samahani alidhani anafanyiwa mzaha. Akageuka. Begi lilikuwa limekaa wima, limefungwa mkanda, limemsikiliza kwa adabu zote.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba ameanguka, yuko chini mahali fulani kati ya magari. Akatoa simu, akapiga. Begi likaita. Simu ilikuwa humo, na mkoba wake, na miwani yake ya kushonea, maana yake popote alipokuwa hakuwa na kitu zaidi ya gauni na sindano.

"Angeanguka magari yote haya yangepiga kelele," alisema nesi. "Mlisimama wapi mara ya mwisho?"

"Kituo cha mafuta."

"Basi yuko huko. Rudi, baba. Na haya uliyoyasema itabidi uyarudie."

"Yote?"

"Yote. Na lile la chumvi usiliache."

Dereva wa saruji, ambaye naye alikuwa amesikia kila kitu na alikuwa ameshuka akijifanya anakagua tairi, alipanda lori lake na kulisogeza shubiri moja. Lile la mafuta likasogea jingine. Mtu mmoja mbele akakunja kioo, na aliyemfuata akakunja. Samahani alipita hadi mbele kabisa ya foleni bila kugusa kioo cha mtu, akazunguka kwenye mzunguko na kurudi upande wa pili wa barabara, uliokuwa mweupe, hauna foleni. Alipofika mkabala na kituo akazima injini, akavuka kwa miguu akiisukuma skuta katikati ya magari, na samahani zikamtoka mfululizo, safari hii zikiwa na kwikwi ndani yake.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kreti la soda karibu na mtu wa kujaza upepo. Alikuwa anashona. Mfuko wa aproni ya dada wa kofia nyekundu ulikuwa umechanika, naye hakuweza kuutazama mfuko uliochanika akanyamaza. Dada mwenyewe alisimama mbele yake, aproni bado iko mwilini, hawezi kwenda huku wala huko.

"Umefika wapi?" mke aliuliza bila kuinua kichwa.

"Karibu na mzunguko."

"Mbali." Akavuta uzi. "Nimekuita hadi huyu bwana wa upepo akaacha tairi. Wewe ndiyo unakwenda. Nikajisemea, aliyeniacha kwenye mazishi atashindwa kuniacha kwenye mafuta?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa neno mazishi kutajwa kati yao. Samahani akavua helmeti. "Nimekuomba msamaha huko njiani," alisema. "Kwa ile siku. Nilidhani uko nyuma. Nimesema yote."

"Nikajibuje?"

"Ulinyamaza."

"Basi ndivyo ningefanya." Akafunga fundo, akaendelea na upande wa pili wa mfuko. "Lakini asiyekuwepo na lake halipo, mume wangu. Sema tena."

Maneno yaliyomiminika kule kati ya malori yote yakamkimbia. Dada wa kofia nyekundu, ambaye hakuwa na pa kwenda, alitazama mbinguni kana kwamba kuna ndege anayemjua.

"Nilivaa shati," alisema Samahani.

"Hilo nalijua. Nililikuta kwenye ndoo. Limekunjamana chini ya mgongo, kola safi, kwapani kavu. Ni shati la mtu aliyekaa kutwa na hakutoka hata mlangoni. Kitambaa hakijawahi kunidanganya. Nisichokijua ni kwa nini. Hicho ndicho ninachokingoja."

"Niliogopa shemeji amesema kweli. Kwamba mama alikufa kwa ajili yangu, kwa ule upepo."

Sindano ikasimama. Mkewe akainua uso, na Samahani akaona kwamba jibu hilo hakuwa amelitegemea. Alikuwa amejitayarisha kwa kiburi.

"Umebeba hilo miaka minne," alisema polepole, "na mimi niko nyuma yako?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Akaiweka mikono mapajani. "Mama siku zote zile kitandani alikuwa anakuulizia. Anasema, yule mkwe wangu wa njia ya katikati atakuja lini anirudishe? Akipewa dawa anakataa, anasema anazinywa nikimwahidi atarudi kwa skuta. Siku ya mwisho alinishika mkono, akaniambia, 'Wenye magari wamebaki, sisi tukapita.' Akacheka. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilipanga nikuambie palepale makaburini, nikusogelee nikunong'oneze. Hukuja. Nikasema basi, na mimi sikuambii. Hilo ni langu. Nilikuwa nalo, nikakunyima."

Samahani akalia. Alilia wazi, amesimama, helmeti kifuani, katikati ya kituo cha mafuta, na gari lililokuwa linangoja zamu halikupiga honi. Mkewe naye alikuwa analia huku anamalizia mishono mitatu iliyobaki, kwa sababu kazi ya mtu haiachwi nusu. Akakata uzi kwa meno. Dada wa kofia nyekundu akaingiza mkono mfukoni, akaona unashika, akasema asante kwa sauti ndogo na kwenda kusimama nyuma ya pampu yake.

"Hilo begi lifunge kwenye keria," mke alisema, akijifuta kwa kiganja.

"Na wewe utashika nini?"

"Wewe funga."

Akalifunga. Alifunga mafundo mengi kuliko yaliyohitajika, akakaa na kuwasha injini. Kiti kikabonyea kidogo sana, jinsi kinavyobonyea kwa mtu mwepesi. Hakuthubutu kugeuka. Kisha mkono mmoja ukapita kiunoni, ukafuatwa na wa pili, na vidole vikakutana mbele, juu ya kitovu, mahali pake pa zamani. Mume alikuwa amenenepa kidogo tangu siku zile, ikabidi vivutane.

"Usidhani nimemaliza na wewe," ilisema sauti begani. "Nashika nisije nikaachwa tena."

"Sawa."

"Aliyeshika keria naye asilalamike sana akiachwa. Hilo nalo nalijua."

Bega likagongwa mara mbili. Wakaenda.

Foleni ilikuwa pale pale. Daktari wa meno alikuwa amepiga simu mara tatu, na simu ya mke ilikuwa ndani ya begi, naye angengoja. Wagonjwa wake wangevumilia kuonana vinywa asubuhi moja. Dereva wa saruji alipowaona aliinua mkono bila kusema neno. Gari la buluu lilikuwa limesogea urefu wa gari moja tu. Nesi aliwaona kwenye kioo wakiwa bado mbali, akaitazama ile mikono, akakunja kioo chake mwenyewe.

"Samahani, dada," alisema Samahani walipokuwa sambamba naye.

"Na la chumvi, umelisema?"

Samahani akakumbuka kwamba amelisahau.

"La chumvi lipi?" aliuliza mkewe sikioni.

"Nitakuambia," alisema, na kuiingiza skuta kati ya malori mawili. "Foleni ni ndefu, mke wangu. Nitakuambia yote."

Pale palikuwa pembamba, na mikono ikakaza.